Fagia Uwanja, Acha Shina: Matandazo ya Mbao kwa Miti ya Nyumbani

Mada kwa ajili ya semina ya kaya na maafisa ugani, Mapera, Mbinga

1. Utangulizi



Kwetu nyumba yenye heshima huonekana kwa uwanja uliofagiwa. Majani hukusanywa alfajiri, yakatiwa moto pembeni, na watoto wakacheza mahali ambapo nyoka hana pa kujificha. Sina ugomvi na ufagio. Hoja yangu ni moja: tunapofagia hadi kwenye shina la mparachichi, mwembe au mbuni ulio uani, tunaunyang'anya mti chakula na maji yake. Uwanja ufagiwe, ila mti uachiwe duara lake lenye matandazo.

2. Mti wa uani unavyoishi

Msituni majani huanguka, yakaoza na kurudi udongoni. Uani yanaanguka yakachomwa. Udongo unakanyagwa na watu, kuku na mbuzi hadi unagandamana, na mvua inapopiga, maji hukimbilia bondeni badala ya kuzama. Mizizi mingi inayonyonya maji na chakula iko juu juu, ndani ya sentimita 30 za kwanza, na hapo ndipo jua na nyayo vinapoumiza.

Mvua zetu ni za msimu mmoja, takriban Novemba hadi Aprili au Mei. Baada ya hapo mti husubiri miezi mingi. Kule chini ziwani, Mbamba Bay na Liuli, joto ni kali zaidi, na penye mchanga maji hayakai.

3. Wamatengo tunajua kanuni ya kurudisha majani udongoni

Anayelima ngoro hahitaji kufundishwa kwamba majani ni mali. Nyasi hufyekwa, zikapangwa kwa mistari inayokatana kuwa miraba, kisha udongo unachimbwa katikati ya kila mraba na kuzifunika. Shimo linashika maji, nyasi zilizozikwa zinaoza na kulisha maharage, baadaye mahindi. Ndiyo maana miteremko mikali ya Umatengo imelimwa vizazi vingi bila kuporomoka yote. Kule Kagera nako, kibanja cha migomba na kahawa kinachozunguka nyumba hutandazwa nyasi zinazobebwa kutoka nje. Shamba tunalihurumia, mti wa uani tumeusahau.

4. Kwa nini mbao

Nyasi huoza upesi, na mifugo huzigombania. Vipande vya matawi, magome na maranda hudumu zaidi, hupoza udongo, huzuia magugu, na vinapooza taratibu hulegeza ardhi. Hatuombi kuni za mtu: kuni zibaki kuni, na mabanzi yabaki kwa wenye kazi nayo. Tunataka kinachobaki penye kupasulia mbao, pamoja na vitawi vya kupogolea kahawa, vikikatwakatwa kwa panga viwe na urefu wa kidole.

Jambo la kuzingatia: mbao zina kaboni nyingi na naitrojeni kidogo. Vijidudu vinavyoziozesha huazima naitrojeni ya udongo. Zikikaa juu, upungufu huo huishia kwenye tabaka jembamba la juu. Zikichanganywa kwa jembe, mti hupata njaa na majani hugeuka njano. Kwa hiyo tandaza, usifukie. Nyasi za ngoro zinafukiwa kwa sababu ni laini, na zinaoza mapema.

5. Namna ya kutandaza

Kwanza, ng'oa magugu na subiri udongo ulowe. Wakati mzuri ni Aprili, mvua zikielekea mwisho. Ukitandaza juu ya ardhi kavu, manyunyu ya kwanza yatanyonywa na mbao kabla hayajafika chini.

Pili, pima duara la mita moja kutoka shinani kila upande. Weka kina cha sentimita 8 kwa vipande vya matawi. Unga wa mbao usizidi sentimita 3, kwa kuwa ukirundikwa hushikamana na kuzuia maji.

Tatu, acha kiganja kizima, sentimita 15, kati ya matandazo na gome. Rundo linaloegemea shina huozesha gome na kumpa mchwa njia ya siri. Gome likiwa wazi, utaona vijia vya udongo vya mchwa mapema.

Duara hilo la mita moja linahitaji madebe 12 hivi ya vipande. Mwembe mkubwa wenye duara la mita tatu kutoka shinani utataka zaidi ya 100. Basi anza na miti michanga, ambayo ndiyo hufa kiangazi.

6. Tahadhari

Usitandaze karibu na ukuta wa nyumba, kwa ajili ya mchwa. Majani na magome mabichi ya mlingoti yaachwe kwenye lundo hadi yaoze kwanza, kwa kuwa yana kemikali zinazodumaza mimea. Matawi ya kahawa yenye bungua yachomwe, yasirudishwe uani. Jivu la moto lisimwagwe juu ya matandazo makavu mpaka lipoe kabisa.

7. Mapendekezo

Ninaomba kila kaya ichague miti miwili ya aina moja na umri mmoja. Mmoja utandazwe Aprili, mwingine ufagiwe kama kawaida. Mwezi Septemba, kabla ya mvua, chimbua kiganja kimoja chini ya kila mti, ushike udongo, uhesabu na machipukizi. Maafisa ugani wapite kulinganisha kaya za mlimani na za ziwani, kwa sababu kina kinachotosha Mapera huenda kisitoshe Liuli. Majibu hayo yaletwe kwenye kikao kijacho, ndipo tukubaliane kina na wakati unaofaa kila mahali.