Kabla ya Kununua Flashi



Leo nina deni la kulipa. Binti mmoja amerithi kwa babu yake kamera ya filamu, Pentax K1000, ambayo haina flashi ya kwake. Kaka yake anaoa, sherehe ni ya usiku, naye akaniuliza anunue flashi gani. Nilimjibu upesi upesi, na jibu langu halikutosha.

Mwaka 1999, nikiwa mwanafunzi wa uandishi wa habari, niliazima kamera kama hiyo pamoja na flashi kubwa ya kutisha, nikamaliza mkanda mzima wa picha 36 kwenye harusi ya shangazi yangu mdogo. Ziliposafishwa, bwana harusi alionekana vizuri, lakini bibi harusi alikuwa gizani kana kwamba ameteremshiwa pazia. Kosa halikuwa la flashi. Niliweka kasi ya shata 1/125, na K1000 haipokei flashi kwa kasi inayozidi 1/60. Ukizidisha, flashi huwaka wakati sehemu ya filamu bado imefunikwa na shata. Nikon FM2 za kuanzia 1984 hufika 1/250, lakini si kamera zote. Hivyo anza kwa kuijua kamera yako.

Halafu nguvu. Wauzaji hutaja namba ya mwongozo, nayo huhesabiwa kwa mita na filamu ya ISO 100. Chukua namba hiyo, igawe kwa umbali, utapata alama ya kuweka kwenye lenzi. Flashi ya 36 ikimulika mtu aliye mita 4 na nusu, unaweka 8. Ukitia filamu ya ISO 400, flashi hiyo hiyo hufika mita 9 kwa alama ile ile. Angalia tu usipunjwe: wapo watengenezaji wanaotaja namba iliyopimwa mwanga ukiwa umebanwa kwa ajili ya lenzi ndefu. Kwa lenzi yako ya kawaida, namba huwa ndogo zaidi.

Kwa ukumbi, ningechagua flashi ambayo kichwa chake huinuka juu, ili mwanga ugonge dari kwanza na kuwashukia watu taratibu. Dari iwe nyeupe na isiwe mbali. Chini ya turubai la buluu, ndugu yangu, utapata maharusi wa buluu.

Zipo flashi zenye jicho dogo mbele, ambalo hupima mwanga unaorudi na kuzima flashi lenyewe. Ni msaada mkubwa, ila halimjui bwana harusi. Likiona kanzu nyeupe imejaa mbele yake, hudhani mwanga umetosha, hukata mapema, na uso wa aliyeivaa hubaki mweusi tii. Gauni la bibi harusi nalo hufanya hivyo hivyo. Fungua lenzi hatua moja zaidi ya jedwali la flashi linavyosema. Filamu ya rangi ya negativu haiogopi mwanga uliozidi kidogo.

Flashi za mitumba ni rahisi, na nyingine ni madhubuti kuliko mpya. Lakini baadhi ya Vivitar 283 za mwanzo hutoa zaidi ya volti 200 pale zinapogusana na kamera. K1000 ni ya mitambo mitupu, itastahimili. Ukiivisha flashi hiyo kamera ya elektroniki unaweza kuiunguza, kwa hiyo mwombe fundi redio aipime kwanza. Usiifungue mwenyewe, maana umeme mkali hubaki ndani hata betri zikitolewa.

Dukani, tia betri mpya na uhesabu sekunde mpaka taa ya kuonyesha kuwa imejaa iwake. Iliyokaa kabatini miaka mingi huchelewa mara ya kwanza, kisha hupata nguvu ukiiwasha mara kadhaa. Isipobadilika, irudishe kwa mwenyewe. Mie nusu dakika siisubiri, maharusi watakuwa wamekwisha kulishana keki.

Basi binti yangu, wiki mbili kabla ya harusi piga mkanda mmoja wa majaribio, usiku, mtu amevaa nguo nyeupe, kisha uusafishe na kuutazama. Shangazi bado anazo zile picha 36. Kila Idi hunitolea albamu, akaniuliza yeye yuko wapi.