Miti ya Kando ya Maji
Maneno ya moniteri wa kilimo kwa watu wa vijiji vya Kasongo na Kabambare

Leo sikuja kupima mashamba wala kuandika majina ya watu. Nimekuja na neno moja tu: miti iliyosimama kando ya maji tusiikate. Mkisahau maneno yangu mengine yote, hilo msilisahau.

1. Kosa langu

Kwanza nitasema kosa langu, ili mtu asidhani nimekuja kuwagombeza. Nilipotoka shule ya misioni na kupata kazi hii, nilitumwa katika kijiji kimoja cha Kabambare. Chini ya kijiji palikuwa na kijito kidogo, nacho kilifunikwa na miti pande zote mbili: mikuyu, miwale, na miti mingine mirefu. Nikaona udongo mweusi wa bonde, nikasema, "Hapa patafaa mpunga. Kateni miti yote mpaka majini." Mzee mmoja akaniambia, "Mwalimu, paache hapo. Hapo ndipo maji yanapolala." Mimi nikacheka moyoni. Nilifikiri, mzee huyu hakusoma.

Wakakata. Mwaka wa kwanza mpunga ulistawi sana, hata watu wakaniletea kuku. Mwaka wa pili mvua kubwa ziliteremsha udongo wa kilima, kwa maana kilima nacho kilikuwa kimelimwa na kuunguzwa. Matope yakaziba chemchemi, na mchanga ukafunika mpunga. Mwaka wa tatu, wakati wa kiangazi, kijito kikakauka. Mama waliokuwa wakiteka maji karibu na nyumba zao, sasa waliamka gizani kwenda mto mwingine, wakarudi jua limekwisha kupanda. Wasichana wao wakachelewa shule.

Kuku wale nilikula, lakini maji sikuweza kuyarudisha. Mwajua methali: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini guu lililovunjika halikuwa langu, lilikuwa la mama wa kijiji kile.

2. Jinsi miti inavyolaza maji

Labda mtauliza: Je, mti waweza kulaza maji? Waweza. Fanyeni jaribio hili wenyewe. Chukueni kibuyu cha maji, mkimwage juu ya njia ya kijiji, pale penye udongo mtupu. Maji yatakimbia, nayo yatachukua udongo pamoja nayo. Kisha chukueni kibuyu cha pili, mkimwage chini ya miti, pale penye majani yaliyooza. Maji yatazama, hamtayaona tena. Hayakupotea. Yameshuka katika ardhi, nayo yatatoka polepole katika chemchemi, hata wakati mvua imekoma.

Tena mizizi inashika kingo za mto kama kamba zinavyoshika mzigo. Ukikata mti, mizizi itaoza, na ukingo utaanguka majini. Mto uliokuwa mwembamba na wa kina utakuwa mpana na wenye mchanga. Jua litauchoma, na maji yatapata moto.

Vijito vyetu vya Kabambare huingia Luama, na Luama huingia Lualaba. Yule anayeharibu kijito chake amewachafulia maji watu wengi walio chini, ambao hawajui jina lake.

3. Wakaaji wa mwitu ule, na kazi zao

Mwitu wa kando ya maji ni kama kijiji. Kila mkaaji ana nyumba yake na kazi yake. Nitawataja wachache.

Samaki. Samaki wengi hula vitu vinavyoanguka kutoka mitini: siafu, viwavi, matunda. Wengine hutaga mayai katikati ya mizizi na mawe. Mkikata miti, mmewanyima chakula. Mkimwaga matope, mmefunika mayai yao, nayo hayawezi kupumua. Mama, mwakumbuka jinsi mlivyokuwa mkiziba kijito wakati wa kiangazi na kuchota maji kwa vikapu, mkapata samaki wadogo na kaa kwa mboga ya watoto? Mahali ambapo miti imekwisha, mwapata nini leo?

Popo. Watu wamdharau popo. Lakini popo wakubwa walao matunda hula matunda ya mvule, kisha huruka mbali na kuangusha mbegu. Mvule ambao seremala anautafuta kwa milango, labda ulipandwa na popo kabla ya babu yako kuzaliwa.

Hondohondo na kima hufanya kazi ile ile. Matunda mengine makubwa hushindwa kumezwa na ndege, nayo hungoja tembo. Tembo akiondoka, miti ile hukosa mpandaji.

Bundi. Wengi husema ni ndege wa wachawi, nao humpiga mawe. Lakini bundi hula panya usiku, na panya hula mpunga wenu. Anayeua bundi amemfuga panya.

Na mdudu wa ngazi. Ninyi nyote mwala mawese. Tazameni ua dume la mngazi wakati linapotoa harufu: mtaona vidudu vidogo vyeusi vinatembea juu yake. Hivyo huchukua unga wa ua dume na kuupeleka kwa ua jike, na hapo ngazi huzaa. Wazungu walipopanda ngazi katika nchi ya Malaysia, mbali sana katika Asia, hawakuchukua vidudu hivi. Basi watu walilipwa mshahara kuupaka unga ule kwa mikono, ua kwa ua. Hata mwaka 1981 vidudu vilichukuliwa kutoka Kameruni vikapelekwa huko, na ngazi zikazaa bila mikono ya watu. Sisi twavipata bure, nasi hatuvijui hata kwa jina.

Hivi ndivyo ilivyo. Mnyama mdogo akifa, kazi yake inaanguka, na mtu hujua baadaye, wakati wa njaa.

Tena msidhani kwamba wenye elimu wamekwisha kuwajua wanyama wote wa Maniema. Mwaka 2012 walitangaza kima ambaye vitabu havikuwa na habari zake, jina lake lesula, anayekaa katika mwitu wa ng'ambo ya Lualaba, upande wa mto Lomami. Watu wa huko walimjua tangu zamani. Mwaka 2016 serikali ilifanya Parki ya Taifa ya Lomami ili mwitu ule ulindwe. Ninyi nanyi mwajua majina ya miti na wanyama ambayo mimi sikuyasoma shuleni. Wafundisheni watoto majina hayo. Mtu hawezi kulinda kitu asichojua kukitaja.

4. Habari ya tembo

Labda mtasema, "Moniteri, mwitu ni mkubwa, hauwezi kwisha." Babu zetu walisema hivyo juu ya tembo.

Mwaka 1870 David Livingstone alikaa miezi mingi Kabambare, mahali alipopaita Bambarre katika kitabu chake, kwa maana alikuwa na vidonda vya miguu. Aliandika habari za mwitu wetu, na za soko, yule mnyama anayefanana na mtu. Wafanya biashara walikuja nchi hii kutafuta pembe. Tippu Tip alikuwa na makao yake Kasongo, na pembe zilichukuliwa mabegani mwa watu mpaka Ujiji, kisha mpaka Unguja. Pamoja na pembe walichukuliwa watumwa, na vijiji vilichomwa moto. Mwaka 1893 majeshi ya Wabelgiji yalitwaa Kasongo, lakini kazi ya pembe haikuisha, ilibadili mabwana tu.

Basi nauliza. Kati ya vijana walioketi hapa, nani ameona tembo karibu na kijiji chake kwa macho yake? Na ile mali ya pembe iko wapi? Tuonyesheni nyumba iliyojengwa nayo hapa. Tembo walikwenda, na mali ilikwenda pamoja nao. Zilibaki hadithi.

5. Dhahabu

Sasa nasema nanyi vijana. Sisemi dhahabu ni mbaya. Mdogo wangu mwenyewe huchimba. Siku moja nilimwambia maneno haya ya miti, naye akanijibu, "Yaya, mti haununui dawa ya mtoto. Dhahabu inanunua." Neno lake ni kweli, nami sikumkatalia. Nikamwuliza tu, "Dhahabu ya shimo lako itakapokwisha, utakwenda wapi?" Akasema, "Nitarudi nyumbani, nilime." Nikasema, "Utakuta maji?" Akanyamaza.

Dhahabu ya Namoya ilichimbwa kabla ya Uhuru wa 1960, nayo ilichimbwa tena baada yake. Dhahabu haizai. Ukitoa gramu moja, imetoka. Lakini kambale akiachwa atazaa, na mpunga ukipandwa utazaa. Basi chimbeni, lakini msiue kinachozaa kwa ajili ya kisichozaa.

Tena kuna zebaki, ile maji ya fedha inayoshika dhahabu. Ni sumu. Ukiichoma, moshi wake huingia kifuani na kichwani. Ikianguka mtoni, hugeuka kuwa sumu kali zaidi, nayo huingia katika vidudu, kisha katika samaki wadogo, kisha katika samaki wakubwa, kisha katika mtu. Huko Minamata, katika nchi ya Japani, kiwanda kilimwaga takataka zenye zebaki baharini. Watu walikula samaki. Mwaka 1956 waganga walianza kuujua ugonjwa: mikono ilitetemeka, macho yalififia, na watoto walizaliwa na ubongo ulioharibika, ingawa mama zao hawakuonekana kuwa wagonjwa. Kwa sababu hiyo mwaka 2013 mataifa yalipatana mkataba wa zebaki, nao unaitwa kwa jina la mji ule. Basi kijana, usiichome zebaki jikoni ambapo mkeo anapika.

6. Mambo ya kufanya

Sheria ya mwitu ya nchi yetu, ya mwezi wa Agosti 2002, yakataza kukata mwitu katika meta 50 kila upande wa mto, na katika meta 100 kuzunguka chemchemi. Hamna kipimo? Mnayo miguu. Meta 50 ni hatua sabini za mtu mzima, na meta 100 ni hatua mia moja na arobaini. Basi fanyeni hivi:

Kwanza. Pimeni hatua sabini kila upande wa kijito, mweke vigingi. Ndani ya vigingi asilime mtu, asichome makala, asikate mti mbichi. Kuni zilizokauka na kuanguka, mama waokote.

Pili. Kabla ya kuunguza shamba, fyekeni njia pana mpaka udongo uonekane, ili moto usifike kwenye miti ya maji. Msiunguze wakati wa upepo.

Tatu. Mahali ambapo miti imekwisha kukatwa, pandeni. Tawi nene la mkuyu likichomekwa katika udongo wenye maji, huota. Mianzi nayo hushika ukingo vizuri.

Nne. Wachimbaji, msioshe mchanga ndani ya kijito. Chimbeni shimo la kuoshea mbali kidogo, matope yatue humo, na maji yasitoke mpaka yametakata. Mkimaliza, fukieni mashimo, kwa maana katika mashimo mbu huzaa na watoto huzama.

Tano. Msivue kwa utupa wala kwa chandarua. Utupa huua mkubwa na mdogo pamoja, na chandarua chatoa mbegu ya mwaka ujao.

Sita. Msiue mnyama mwenye mimba wala anayenyonyesha. Soko msiwaue kabisa, wala kasuku msiwakamate kuwauza: sheria yawalinda.

7. Mwisho

Labda mtauliza habari za kijiji kile nilichokiharibu. Nilirudi. Nilikwenda kwa mzee yule, nikaketi chini, nikamwomba radhi mbele ya watu. Hakunigombeza. Alichukua panga, akanionyesha mkuyu wa kukata matawi, nasi tulipanda pamoja tangu asubuhi mpaka mchana. Matawi mengine yalikufa, mengine yakaota. Tuliizoa chemchemi matope kwa makarai. Mwaka jana maji yalianza kutoka, machache, kama ya mtu kunawa mikono. Mama bado wanakwenda mto wa mbali. Kukata kulituchukua siku nne. Kurudisha kutachukua miaka mingi, na mzee yule labda hatayanywa maji yale.

Ninyi hamjafika hapo. Miti yenu bado imesimama. Kesho asubuhi, jua likitoka, nitashuka mtoni pamoja na kapita, tupime hatua sabini. Atakaye, na aje na panga la kukatia vigingi.