Mayai ya Oveni ya Kifaransa, Mafuta Kidogo

Kipindi cha lishe leo kinaingia jikoni Ufaransa. Huko, œufs en cocotte ni mayai yanayopasuliwa ndani ya vibakuli vidogo vilivyopakwa siagi, yakamiminiwa krimu, kisha yakaokwa.

Uzito wa mlo huu hautoki kwenye yai. Yai moja lina takriban kalori 70 na gramu 6 za protini. Mzigo uko kwenye krimu nzito: zaidi ya theluthi yake ni mafuta.

Anayetaka mlo mwepesi hupaka kibakuli mafuta kidogo, hutandaza spinachi iliyochemshwa na kukamuliwa vizuri, huongeza kijiko cha mtindi mzito usio na sukari, kisha hupasulia yai juu yake. Vibakuli hupangwa kwenye trei yenye maji moto yanayofika nusu ya kimo chake, vikaokwa kwa nyuzi 180 kwa dakika 12 hadi 15. Maji hayo hayazidi nyuzi 100, ndiyo maana ute huganda taratibu na kubaki laini.

Wajawazito, wazee na watoto wadogo wapikiwe mpaka kiini kigande kabisa, ili kuwakinga na salmonela.