Nani Ameleta Ugonjwa Zizini?

Leo nataka tuzungumze juu ya ugonjwa wa kutupa mimba, ule ambao wataalamu huuita bruselosisi, na hasa juu ya swali moja ambalo wafugaji wanaokaa karibu na mapori huuliza mara kwa mara: ugonjwa huu huletwa na nani?

Tuseme wewe ndugu mfugaji una ng'ombe 8. Asubuhi moja unaingia zizini unamkuta ng'ombe wako, mwenye mimba ya miezi 7, amezaa ndama mfu. Kondo la nyuma limekwama. Baada ya wiki 3 na mwingine naye anatupa. Majirani wanakuja kukupa pole, na hapo maneno yanaanza. Huyu anasema ni nyati, maana aliwaona wakinywa maji kwenye lambo wakati wa kiangazi. Yule anasema ni yule mtamba uliyemnunua mnadani mwaka jana. Wa tatu hasemi kwa sauti, lakini ananong'ona kwamba kuna mkono wa mtu.

Swali hili si la kupitisha wakati tu. Ukilijibu vibaya, utamaliza fedha na nguvu zako kujenga ua wa kuzuia nyati, kumbe mgonjwa amelala ndani ya zizi. Au utauza mtamba asiye na kosa, na mimba zitaendelea kuanguka.

Basi, tuanze na ugonjwa wenyewe. Bruselosisi huletwa na bakteria, yaani vijidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Vile vya ng'ombe vilitambuliwa mwaka 1897 na daktari wa mifugo wa Denmark aitwaye Bernhard Bang. Vijidudu hivi hukaa kwa wingi katika ndama aliyetupwa, katika kondo la nyuma na katika maji ya uzazi, na pia hutoka katika maziwa. Ng'ombe mzima akilamba ndama aliyetupwa, au akila majani yaliyochafuliwa, ameupata. Jua kali huviua upesi, lakini mahali penye kivuli na unyevunyevu huweza kuishi kwa miezi. Mnyama wa porini naye hupata na kuambukiza kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo nyati anaweza kumwambukiza ng'ombe, na ng'ombe anaweza kumwambukiza nyati. Sasa utajuaje nani alimpa nani?

Zamani tulikuwa na kipimo cha damu tu. Kipimo hicho ni kizuri, lakini kinakwambia jambo moja: mwili wa mnyama huyu umekutana na ugonjwa. Hakikwambii aliupata wapi. Siku hizi wataalamu wana njia nyingine. Wanakichukua kijidudu chenyewe na kusoma maandishi yake ya urithi, ambayo huitwa jenomu.

Nitawaeleza kwa mfano. Mwalimu anasahihisha madaftari ya hesabu. Wanafunzi 2 wamepata jibu lisilo sahihi, tena wamekosea kwa namna ile ile, kwenye mstari ule ule. Mwalimu hahitaji kuambiwa. Anajua kwamba mmoja amemwigia mwenzake, au wote wawili wamemwigia mtu wa tatu. Kijidudu nacho kina maandishi yake, yenye herufi kama milioni 3 na laki 3. Kila kinapojigawa kuwa viwili, maandishi hayo hunakiliwa upya. Mara chache sana, herufi moja hukosewa. Kosa hilo hurithiwa na watoto na wajukuu wa kijidudu hicho. Basi ukichukua vijidudu vya ng'ombe wako na vya nyati, ukavisoma na kuvilinganisha, utaona. Kama vina makosa yale yale, ni ndugu wa karibu. Kama makosa yao ni mbalimbali kabisa, basi nyati yule ana ugonjwa wake na ng'ombe wako ana wake, ijapokuwa wote wamelala bonde moja.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, mpaka Marekani, kwa sababu huko njia hii ilitumika kumaliza ubishi mkubwa. Kuna hifadhi ya wanyama iitwayo Yellowstone, iliyoanzishwa mwaka 1872. Ndani yake wamo baisani, ambao ni kama nyati mwenye manyoya mazito, na wamo elki, wanyama wakubwa wenye pembe za matawi. Nje ya mpaka wako wafugaji wa ng'ombe. Mwaka 1917 baisani wa hifadhi hiyo waligunduliwa kuwa na bruselosisi. Wao wenyewe waliupata kutoka kwa ng'ombe, kwa maana ugonjwa huo ulifika huko pamoja na mifugo ya wahamiaji kutoka Ulaya.

Tangu mwaka 1934 serikali ya Marekani iliendesha kampeni ya kuufuta ugonjwa katika ng'ombe, kwa kupima, kuchinja wagonjwa na kuchanja. Ulikaribia kwisha kabisa, isipokuwa katika eneo lile la Yellowstone. Wafugaji wakawaangalia baisani. Baisani walipotoka nje ya hifadhi kutafuta majani wakati wa baridi, walipigwa risasi au kupelekwa machinjioni. Katika kipindi kimoja tu cha baridi, cha mwaka 1996 hadi 1997, waliuawa zaidi ya 1,000.

Wataalamu wakaanza kulinganisha maandishi ya vijidudu vilivyokuwa vimekusanywa kwa miaka mingi kutoka kwa baisani, elki na ng'ombe. Matokeo yalitangazwa mwaka 2016. Waliona kwamba ugonjwa uliingia katika wanyamapori wa eneo hilo si mara moja, bali mara 5 au zaidi. Waliona kwamba ulihama kutoka kwa baisani kwenda kwa elki, na mara nyingine kurudi. Lakini vijidudu vya ng'ombe waliougua miaka ya karibuni vilikuwa ndugu wa karibu wa vile vya elki. Mwaka 2017 ikatoka taarifa ya Chuo cha Taifa cha Sayansi cha nchi hiyo, ikieleza kwamba tangu mwaka 1998 makundi 22 ya ng'ombe na makundi 5 ya baisani wa kufugwa yalikuwa yameambukizwa, na chanzo kilikuwa elki.

Ndugu wafugaji, mmeona? Macho yote yalikuwa kwa baisani, na elki akapita pembeni. Tena binadamu naye alikuwa amesaidia. Katika jimbo la Wyoming elki wamekuwa wakipewa majani makavu wakati wa baridi, mahali maalum, kwa miaka mingi. Walisongamana hapo, mmoja akitupa mimba wenzake wananusa na kulamba, na ugonjwa unaenea.

Sisemi kwamba mnyama wa porini hana kosa siku zote. La hasha. Wafugaji wa Kimasai wanajua tangu zamani kwamba nyumbu wanapozaa, ng'ombe wasichungwe karibu nao, na wataalamu wamekubali kwamba ndivyo ilivyo: ndama wa nyumbu hutoa virusi vinavyoua ng'ombe. Ninalosema ni kwamba kila ugonjwa una njia yake, na njia hiyo hupimwa, haikisiwi.

Tena kupima kwenyewe kuna mipaka. Daftari linaonyesha kwamba wawili wameigana, lakini halisemi siku zote nani aliigia. Ndiyo maana wataalamu huhitaji sampuli nyingi, za wanyama wengi, pamoja na tarehe na mahali. Na hapa ndipo kazi yako wewe ndugu mfugaji inapoanza. Kijidudu hakisomwi kama hakikupatikana, na hupatikana zaidi katika ndama aliyetupwa, kondo la nyuma na maziwa. Ukimtupia mbwa ndama yule, umetupa ushahidi, tena umewapa mbwa ugonjwa wa kuutembeza kijijini.

Kwa hiyo, ng'ombe akitupa mimba fanya hivi:

1. Usimshike ndama wala kondo kwa mikono mitupu. Tumia glavu, au mifuko ya plastiki isiyotoboka. Wajawazito na watoto wasisogee.

2. Mtenge ng'ombe huyo na wenzake mpaka uchafu wote umekwisha kumtoka na afisa mifugo amemwona.

3. Funika ndama na kondo kwa miiba ili mbwa na fisi wasifike, kisha mwite afisa mifugo upesi achukue sampuli. Kama hapatikani siku hiyo, chimba shimo refu uzike, au choma moto kabisa.

4. Andika tarehe, jina au alama ya ng'ombe, ulimpata wapi na alichungwa wapi. Daftari la shilingi chache linaweza kumsaidia mtaalamu kuliko maneno mengi.

5. Ukinunua mnyama, mtenge kwanza na umpime damu kabla hujamchanganya na wengine. Muulize afisa mifugo pia habari za chanjo ya mitamba.

6. Chemsha maziwa mpaka yachemke kweli. Maziwa mgando nayo yatokane na maziwa yaliyochemshwa, maana ukali wa mgando si dawa ya kutegemea.

Hilo la mwisho ni kwa ajili ya nyumba yako. Mtu akipata bruselosisi huwa na homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, uchovu, na maumivu ya viungo na mgongo. Wengi hudhani ni malaria. Ukiwa na homa ya namna hiyo, nenda hospitali na umwambie daktari wazi kwamba unafuga, na kwamba ng'ombe wako ametupa mimba. Matibabu yapo, lakini huchukua kama wiki 6, na dawa usiziache katikati.

Basi, jirani akija kukwambia ni nyati, mkaribishe, mshukuru kwa pole yake. Kisha mwonyeshe lile daftari lako, na umuulize kama mtamba wake amepimwa.