Maonyesho ya Sanaa Ng'ambo na Jina la Fundi

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Murongo



Kila mwaka, mwezi wa Oktoba, hufanyika mjini London maonyesho ambayo mkulima wa kahawa wa Murongo hana sababu ya kuyajua kwa jina, lakini akielezwa yanavyoendeshwa atayatambua mara moja. Huitwa 1-54, maana yake bara moja lenye nchi hamsini na nne. Yalianzishwa mwaka 2013 na Bibi Touria El Glaoui, binti wa mchoraji wa Moroko, katika jumba la Somerset House. Baadaye yakafanyika pia New York tangu 2015 na Marrakech tangu 2018. Bidhaa yake ni picha na sanamu za wasanii wa Afrika wa zama hizi, na wanunuzi ni watu wenye mali wanaokusanya vitu hivyo, pamoja na majumba ya makumbusho.

Msanii mwenyewe aghalabu hapangi meza humo. Anayekodi nafasi ni mwenye nyumba ya sanaa, naye ndiye hulipa usafirishaji, bima na gharama za kuwakaribisha wageni. Picha ikiuzwa, desturi ya biashara hiyo ni kugawana bei nusu kwa nusu. Wako watakaosema kwamba nusu ni nyingi mno. Lakini mwanachama aliyekwisha kuona makato ya ushuru, magunia, usafiri na ukoboaji katika hesabu ya kahawa yake hatashangaa sana, na kwa kweli mauzo haya ya kwanza siyo penye kidonda. Kidonda kipo katika mauzo ya pili.

Mfano ulio karibu na Watanzania ni Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam. Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora wanyama na ndege juu ya vipande vya mbao nyembamba za kufunikia dari, kwa rangi za kupakia baiskeli, maana ndizo alizoweza kuzinunua. Picha ziliuzwa Oysterbay, karibu na Morogoro Stores, kwa wageni waliokuwa wakipita kununua mahitaji yao ya nyumbani. Bei ilikuwa ndogo. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mhalifu, akafariki dunia, baada ya kuchora kwa miaka isiyozidi minne au mitano.

Mbao zile leo huuzwa katika minada ya Ulaya kwa bei ambayo yeye hakuiwazia. Muuzaji wa leo si fundi, wala si mjane wake, bali ni yule aliyeinunua picha au mrithi wake. Jumuiya ya Ulaya ilitunga mwaka 2001 kanuni ya kumpa msanii, na warithi wake kwa miaka 70 baada ya kifo chake, sehemu ya bei kila kazi yake inapouzwa upya sokoni; kwa fungu la kwanza la bei kiwango cha kawaida ni asilimia nne. Uingereza iliingiza haki hiyo katika sheria zake mwaka 2006. Hata hivyo, kwa raia wa nchi za nje haki hiyo hutegemea nchi zao nazo kuwa na sheria ya namna hiyo kwa wasanii wa Ulaya. Sheria inaweza kuwa nzuri na mlango wake ukawa mwembamba.

Ndugu na wanafunzi wa Tingatinga, miongoni mwao Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, Simon Mpata na January Linda, waliendeleza kazi baada ya kifo chake. Mwaka 1990 wachoraji wakaandikisha chama cha ushirika, pale pale Oysterbay. Hapa ushirika ulifanya jambo la maana: mchoraji asiye na mtaji alipata mahali pa kukaa, mwalimu na mlango wa kuuzia. Lakini isifichwe kwamba ushirika huo haukuponya kila kitu. Picha iliyopata mnunuzi ilinakiliwa mezani kwa jirani siku ya pili, bei ikashuka. Vibaya zaidi, sahihi ya marehemu ilianza kughushiwa, hata leo mkusanyaji wa ng'ambo hununua kazi inayoitwa ya Tingatinga kwa mashaka. Mashaka hayo huwapunguzia bei hata walio waaminifu.

Murongo hakuna mchoraji wa namna hiyo anayejulikana London. Lakini ufundi si jambo geni Karagwe. Stanley alipofika kwa Mtawala Rumanyika mwaka 1876 alionyeshwa nyumba ya hazina yenye sanamu za bata na za ng'ombe zilizofuliwa kwa shaba. Na ng'ambo ya Mto Kagera, upande wa Rwanda, akina mama wa Nyakarambi katika wilaya ya Kirehe hutengeneza imigongo, yaani mbao zenye mistari iliyoinuliwa kwa samadi ya ng'ombe na kupakwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Wanafanya kazi kwa ushirika, na kazi yao imefika katika mahoteli na nyumba za wageni wa mbali. Kilichoipa thamani si samadi, ni mkono na asili inayotajwa pamoja nayo.

Kwa hiyo mnunuzi akifika kijijini kutaka vikapu, mikeka au vinyago kwa wingi, na akitoa fedha kabla kazi haijafanywa, katibu akumbuke butura. Mkulima aliyeuza kahawa ingali maua hakudanganywa kwa mzani. Alidanganywa na njaa ya mwezi ule. Fundi naye akipokea malipo ya mwanzo bila karatasi, bei huwa imekwisha kukatwa na mwenye fedha.

Daftari la mapokezi ya kahawa lina jina la mwanachama, tarehe, kilo na namba ya stakabadhi. Daftari la kazi za mikono lahitaji hayo, na zaidi kidogo: jina la aliyetengeneza, si jina la chama peke yake, kijiji, vipimo, vitu vilivyotumika, na picha ya kamera, ambayo siku hizi simu ya kijana yeyote huipiga. Nakala moja ibaki kwa fundi. Mapatano yaseme pia kama mnunuzi anaruhusiwa kuinakili kazi hiyo kiwandani, maana kuuza kikapu kimoja na kuuza mtindo wa kikapu ni biashara mbili mbalimbali, na Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania, Na. 7 ya mwaka 1999, inazitenganisha.

Warithi wa Tingatinga wangekuwa na daftari la namna hiyo, lenye hesabu ya mbao zilizouzwa pale Oysterbay kati ya 1968 na 1972, leo mnada wowote ungelazimika kuwauliza wao kwanza ipi ni ya kweli.