Kamera Nyepesi ya Kutembea Nayo

Msikilizaji wetu wa Maswa, unatafuta kamera ya kubeba mnadani, harusini au kwenye ngoma za Kisukuma za Bagika na Bagalu? Usihangaishwe na megapikseli. 12 zinatosha kusafisha picha ya ukubwa wa A4. Angalia uzito: isiyofika gramu 300 hukaa mfukoni, nawe utatoka nayo kweli.

Iliyotumika ina nafuu ya bei, lakini ikague mbele ya muuzaji. Iwashe na kuizima mara kadhaa. Lenzi itoke na kurudi bila kukwaruza, maana vumbi letu la kiangazi huingia humo na kuinasisha. Piga picha kadhaa za ukuta mweupe, uzikuze. Doa lilelile likijirudia kila picha, achana nayo! Uliza pia kama betri yake bado inauzwa.

Ukielekea Pori la Akiba Maswa, linalopakana na Serengeti, lenzi inayovuta yenyewe itakusogezea twiga. Simu nyingi za bei nafuu, ukivuta, hukata picha na kuitanua tu, ikafifia. Kama huhitaji picha za vitu vya mbali, simu yako yatosha. Hiyo hela nunulia kadi ya kuhifadhia picha za familia.