Nozo, Regulata na Mshahara wa Fundi



Leo hatukuja kusema juu ya mishahara, ingawa kabla hatujamaliza mtaona ya kuwa mshahara umo ndani ya maneno haya. Tumekuja kusema juu ya kazi moja: mwenye motokaa kuukuu ya kabureta ananunua injini iliyotumika kutoka Japani, yenye kupulizia petroli kwa injekta, ambazo wengi wetu huziita nozo, naye anataka iingie katika gari lake kwa fedha kidogo.

Ndugu yetu mmoja aliletewa kazi ya namna hiyo. Injini ilikuwa ya ujazo wa 1600, lakini ilifika bila nozo zake. Zilikuwa zimekwisha ng'olewa na kuuzwa. Mwenye gari akaleta nozo nne za bei nafuu, zilizotoka katika injini ndogo. Zikaingia vizuri katika matundu yake, gari likawaka, likazunguka Nairobi juma zima bila neno. Kisha likapakiwa mizigo, likateremka kwenda Mombasa. Kabla ya kufika Mariakani pistoni moja ilikuwa imetoboka. Mwenye gari akadai fedha zake, na tajiri akaanza kumkata ndugu yetu mshahara kila mwezi. Yeye hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha nani aliyeleta zile nozo.

Mtauliza, mbona Nairobi lilikwenda vizuri? Nairobi iko juu, kadiri ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini ikivuta hewa kidogo hutaka petroli kidogo. Ukiteremka pwani hewa huwa nzito, injini hupata nguvu zake zote, na petroli lazima iongezeke. Nozo ndogo imekwisha fika mwisho wake, haina la kuongeza. Hewa nyingi, petroli haba, mzigo mzito: joto hupanda ndani ya silinda mpaka pistoni huyeyuka.

Basi, hesabu ya kwanza ni ukubwa wa nozo. Kwa injini ya petroli isiyo na turbo, chukua nguvu zake za farasi, zidisha kwa 6.4, kisha gawa kwa idadi ya nozo. Jibu ni sentimita za ujazo za petroli ambazo kila nozo yapasa kutoa kwa dakika moja. Tuseme injini ya Toyota 4A-FE, yenye silinda nne na kadiri ya farasi 110. Mara 6.4 ni 704. Gawa kwa nne, utapata 176. Hesabu hii imekwisha acha pumzi, ili nozo isikae wazi zaidi ya asilimia 80 ya wakati wake. Wala msikimbilie nozo kubwa mno. Kompyuta ya gari haijui ya kuwa umebadili nozo; itazifungua kama zile za kwanza, petroli itazidi, plagi zitakuwa nyeusi, na oili itaoshwa katika kuta za silinda.

Hesabu ya pili ni ya umeme. Pima nozo kwa mita ya omu. Ziko za omu 12 hadi 16, na ziko za omu 2 au 3. Kompyuta iliyotengenezwa kwa zile za juu, ukiifunga hizi za chini, huvuta umeme mwingi kupita kiasi na yaweza kuungua. Tena nozo zote ziwe za namna moja. Zipeleke kwenye mashine ya kupimia yenye glasi, uone kama zinajaza sawasawa na kama hakuna inayodondoka ikiwa imefungwa. Msizijaribu kwa petroli ndani ya gereji, mahali penye cheche.

Sasa tuje kwa regulata. Kazi yake ni kushika presha ya petroli na kurudisha inayozidi kwenye tangi. Injini nyingi za namna hii hutumia kadiri ya baa 3. Ule mpira mwembamba unaotoka kwenye manifoldi si pambo. Kwa huo regulata hujua mvuto wa injini, ili tofauti ya presha kati ya petroli na manifoldi isibadilike. Funga geji, washa injini, chomoa mpira huo na uzibe mwisho wake, usome. Ukiurudisha, injini ikiwa inazunguka polepole, presha yapasa kushuka kadiri ya nusu baa. Ukiona petroli ndani ya mpira huo, ngozi ya regulata imepasuka, itupe. Presha ikipanda bila sababu, tazama kama njia ya kurudi kwenye tangi imekunjika au ni nyembamba mno.

Kuna mafundi wanaosema, nozo ikiwa ndogo ongeza presha. Ndugu, hesabu inakataa. Presha ikitoka baa 3 kwenda baa 4, petroli huongezeka kwa asilimia 15 tu, si kwa theluthi. Nozo ya 150, ili itoe 176, itataka zaidi ya baa 4. Hapo pampu inalemewa, mipira inakazwa kupita kiasi, na nozo yenyewe haipulizi vizuri. Regulata haiwezi kuponya nozo isiyofaa.

Mahali pa kuokoa fedha ni hapa: mwambie mwenye gari anunue injini iliyo kamili, pamoja na nozo zake, regulata yake, kompyuta yake na waya zake zisizokatwa. Nozo zikisafishwa na kuwekwa oringi mpya, zinatosha. Mahali pasipo pa kuokoa ni mipira na pampu. Pampu ya kabureta hutoa kama sehemu moja ya kumi ya presha inayotakiwa. Mpira wa kabureta ukiwekwa kwenye baa 3 utapasuka juu ya injini ya moto, na atakayekuwa ameinama hapo ni fundi, au kijana anayejifunza kazi. Nunueni mpira ulioandikwa R9, na klipu zake za kufaa. Pampu nayo ifungwe ili ikatike injini ikizima.

Mwisho, andikeni. Kabla ya kufunga, andika nozo zimetoka wapi, nani amezileta, omu ngapi, zimejaza kiasi gani, na presha ni baa ngapi. Mwenye gari atie sahihi. Akikataa vipimo vyako, andika hilo pia, umpelekee tajiri kabla ya kugusa spana. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, haimruhusu tajiri kukata mshahara kwa kila kitu kilichoharibika. Kwa mali iliyoharibika aweza kukata kiasi cha haki tu, tena ikiwa mfanya kazi amefanya kosa kwa makusudi. Lakini sheria bila ushahidi ni kama geji bila mshale. Ndugu yetu alikuwa na haki, akakosa karatasi.

Kwa hiyo kila gereji yenye wanachama wetu iwe na daftari moja na geji moja. Kama tajiri hanunui, changeni. Bei yake haifiki mshahara wa mwezi mmoja uliokatwa.

Pimeni kwanza, kisha fungeni.